Kona za Lwivala

Mimi ni mmoja wa waliounyoosha.
Andika hivyo, usinifiche.
Tulikuwa ishirini na wawili, majembe mapya,
bwana shamba ametuvutia kamba ya katani
toka daraja la juu hadi bondeni kwa kina Mhavile:
mto ukinyooka, vinyungu vitakauka mapema,
mtapanda kabichi Mei badala ya Julai.
Tukachimba. Lwivala ukaacha kuzungukazunguka,
nasi tukala kabichi.

Hakuna aliyeuliza maji yanakimbilia kwa nani.

Tulijibiwa usiku wa Machi, kwa simu.
Sengimba wa kijiji cha chini, niliyepata naye kipaimara,
alipiga, hakusalimu.
Nyuma ya sauti yake nilisikia mabati.
"Maji yenu," alisema.

Asubuhi nilishuka kwa miguu.
Matofali mabichi elfu nane ya mumewe
yamerudi kuwa tope.
Juu ya mchongoma, kiatu cha shule, kimoja.
Mwenye kiatu alikuwa hai, nilimwona, akinywa uji,
amekikumbatia kile kingine.
Pole yangu niliimeza.

Tulianza Agosti, baridi ikitung'ata masikio.
Kwanza mikaratusi. Chavala aliulilia kila mti
kama ada ya shule,
maana kweli ilikuwa ada ya shule.
Aliikata mwenyewe.
Magogo yake tukayalaza kukatiza mfereji,
tukaegemeza matawi na mawe,
na Lutengano akitukemea kila tulipoziba mno:
"Acheni matundu! Hatufungi mlango, tunaweka kizingiti.
Maji yapite, ila yapige hodi."

Safari hii hapakuwa na kamba.
Kona za zamani tulizitafuta pale ng'ombe wanapokataa kukanyaga,
na pale matete yalipochomoza katikati ya kabichi
kila mwaka, nasi tukiyang'oa kila mwaka,
yakituambia hapa, hapa, hapa.

Wa chini walipanda na majembe yao.
Sengimba akasimama ng'ambo ya shimo langu.
Kona ya tatu tuliichimba tukitazamana utosi.
Saa sita akaninyoshea kopo la togwa, bila neno.
Nikanywa. Nikalirudisha.

Kinyungu changu sasa ni cha mto.
Nalisema hili nimeuma meno.
Mivengi mia moja na arobaini imesimama penye kabichi zangu,
na mbuzi wa Nyagawa wamekwishakula kumi na tisa.

Kisha mvua, ile ya kunyesha kama inalipa deni.
Kijana wa Chavala alikesha penye nguzo yetu yenye alama,
tochi ya simu mkononi,
akituma namba kijiji cha chini kila nusu saa.
Mimi nilisikiliza kitandani.
Mfereji ulipojaa ulikuwa na sauti moja, nyembamba, kama filimbi.
Usiku ule Lwivala uligugumia.
Uligonga gogo, ukarudi nyuma, ukajipenyeza kwenye matete,
ukatandaza mkeka shambani kwangu,
ukakaa.

Kizingiti cha nne kilisombwa. Tutakijenga.
Daraja la chini lilizama hadi kifundo,
mwaka ule lilizama hadi kiuno.
Sisemi tumeshinda. Aprili bado.

Alfajiri simu ikalia.
"Kamwene," alisema Sengimba.
"Kamwene."
Nikasubiri.
"Ndiyo kwanza yanafika. Yanayumba kama yametoka kwenye ulanzi."
Akanyamaza kidogo. Nikasikia kuku wake, na ufagio.
Kisha akaniomba miche ya mivengi, ishirini.

Nimemhesabia thelathini.
Kwao pia kuna mbuzi.